Ngamia Wanne wa Fundi wa Maabara

Baba yangu, Ewesit, alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Isiolo kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwatia ngamia wake alama ya moto. Kila mfugaji aliyemjua alimwambia anakosea. Ngamia asiye na alama ni wa yeyote atakayemkuta njiani. Baba alijibu kwamba ngamia wake wana majina, na majina hayo yameandikwa kwenye vitabu vya fizikia dunia nzima. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Miezi miwili baada ya kumzika, ngamia wakaibwa.

Binamu yangu Ebei, aliyekuwa akiwachunga upande wa Sericho, alilala na malaria siku mbili. Alipoamka, wanne wakubwa hawakuwepo. Waliomwibia walimwachia ndama mmoja tu, maana angewachelewesha. Ebei alifuata nyayo siku nyingi akiwa bado na homa, akipotea na kuziona tena, hadi alipofika mahali penye mtandao akanipigia.

"Akolong, nyayo zinakuja kwako. Wako Isiolo. Kimbia sokoni!"

"Wewe uko wapi?"

"Niko mbali. Narudi kumchukua ndama niliyemwacha njiani, halafu natafuta gari. Siwezi kufika kabla ya jioni. Kimbia, dada!"

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Niliacha cherehani ikiwa na sindano ndani ya kitambaa, maana nashona sare za shule kule Kiwanjani, nikapanda boda hadi soko la mifugo. Futi kamba yangu ya kupimia ilikuwa bado shingoni.

Niliwaona mara moja. Walikuwa wamefungwa pamoja kwenye zizi la mwisho, na mbele ya zizi lori lilikuwa limerudi nyuma, mlango wake umefunguliwa. Yule mzee mwenye sikio lililochanika alikuwa Becquerel. Yule mwekundu mrefu alikuwa Curie. Gray alikuwa anatafuna kipande cha gunia. Sievert, binti yake, alikuwa amesimama nyuma ya mama yake kama kawaida.

"Hawa ni ngamia wa baba yangu," nikamwambia mwenye zizi.

Mwenye zizi aliitwa Mbaabu. Ni mfanyabiashara wa mifugo kutoka Meru, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata juani. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikianza siku aliyoanika mahindi.

"Dada, mimi nimenunua hawa mchana kweupe, mbele ya watu. Barua ya mauzo hii hapa. Kuna alama yako hapo? Nionyeshe alama nikupe ngamia."

"Hawana alama."

"Basi."

"Lakini wana majina."

"Hata mimi naweza kuwapa majina. Huyu ni Njeri, huyu ni Kanana, huyu ni Serikali." Vijana wake wakaangua kicheko. "Saa sita lori linaondoka. Nairobi wananisubiri."

Kila mtu pale alijua ngamia wanaopelekwa Nairobi kwa lori wanaenda kufanya nini. Nilipiga simu kwa chifu nikiwa nimeshika mlango wa lori kwa mkono wa pili, kana kwamba ningeweza kulizuia.

Chifu Warigia alifika saa tatu na nusu. Ni mama kutoka Nyeri ambaye amekaa Isiolo muda mrefu hivi kwamba anasalimia kila mtu kwa lugha yake. Bila barua yake, daktari wa mifugo hatoi kibali cha kusafirisha, na Mbaabu alikuwa amemwandalia fomu ya barua hiyo tayari. Chifu aliishika fomu ile, akatazama ngamia, akanitazama mimi.

"Akolong, pole tena kwa mzee. Lakini sitaki hadithi. Nataka kitu ninachoweza kuandika hapa. Huyu ana barua ya mauzo. Wewe una nini?"

"Nina majina."

"Majina gani?"

"Becquerel, Curie, Gray na Sievert."

"Nani?"

"Ni wanasayansi. Na pia ni vipimo vya mnururisho, ile mionzi isiyoonekana. Baba aliwapa ngamia majina ya vipimo, lakini hakuwapa ovyo. Kila mmoja alipewa jina kwa sababu ya tabia yake. Ukijua kipimo, unamjua ngamia. Ukimjua ngamia, unajua kipimo."

Mbaabu alivua kofia akajipangusa kichwa. "Chifu, mimi niko na lori hapa."

"Saa sita haijafika, Mzee Mbaabu," chifu akasema. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa anatabasamu. "Mimi niliacha fizikia kidato cha pili. Hebu tuone kama iliniacha mimi."

Akapanga jambo lake palepale, haraka, kama mtu anayepanga foleni ya kupiga kura. Alinipa karatasi na kalamu, akaniambia niende nikakae ndani ya gari lake, niandike tabia ya kila ngamia, yale ambayo mtu hawezi kuyaona kwa macho akiwa amesimama nje ya zizi. Nisiongee na mtu. Kisha akampigia simu Mwalimu Githae, anayefundisha fizikia katika shule aliyofanya kazi baba, aje aeleze vipimo hivyo bila kusoma nilichoandika. Halafu akamtuma mtu akamwite Hamdia.

Kama hujui Hamdia, basi hujawahi kunywa maziwa ya ngamia Isiolo. Ni mama Mborana ambaye amenunua na kuuza maziwa tangu kabla sijazaliwa. Akionja kikombe anakuambia ngamia alikula nini. Hamdia hakuwa rafiki wa baba wala wa Mbaabu. Ndiyo maana chifu alimtaka.

Nilipokuwa shuleni, baba alinifundisha vipimo hivi Jumamosi mle zizini, si darasani. Nilichukia kwenda. Nilitaka kubaki mjini na wenzangu. Sasa nilikuwa nikikuna kichwa ndani ya gari la serikali, nikivuta kila neno alilowahi kusema, na kila neno lilikuja na sauti yake.

Nilimaliza wakati Mwalimu Githae anateremka kwenye boda, kofia ya usalama bado kichwani, mikono imejaa chaki.

"Nimeacha kidato cha tatu na mtihani," alisema akihema. "Chifu, umesema ni dharura ya fizikia. Sijawahi kusikia kitu kama hicho maishani."

"Salaam aleikum," akasema Hamdia, aliyekuwa amefika kwa miguu na sufuria yake mkononi. "Nani mgonjwa?"

"Waaleikum salaam, mama. Hakuna mgonjwa," chifu akasema. "Kuna kesi."

Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa. Wauza mbuzi waliacha mbuzi wao. Madereva wa boda walipanda juu ya uzio. Mama mmoja alikuja na kiti chake kabisa.

Chifu alikunja karatasi yangu akaishika kifuani. "Tunaanza na huyu mzee, mwenye sikio baya. Akolong anamwita Becquerel. Mwalimu, Becquerel ni nini?"

Mwalimu Githae alijiweka sawa kama yuko mbele ya darasa. "Henri Becquerel, Mfaransa. Mwaka 1896 alikuwa anataka kuweka madini ya urani juani, juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi. Lakini Paris jua likakataa kutoka siku kadhaa. Akatupa vyote kwenye droo. Alipokuja kulisafisha lile bamba, akakuta limeungua umbo la madini, gizani, bila jua lolote! Ndipo ikajulikana madini yale yanatoa kitu yenyewe."

"Mambo ya Ulaya," mtu akasema. "Jua linakataaje kutoka?"

Watu wakacheka. Chifu akainua mkono. "Na kipimo?"

"Ni kidogo sana. Kiini kimoja cha atomu kikivunjika kwa sekunde moja, hiyo ni becquerel moja. Kimoja tu. Tik, sekunde, tik, sekunde."

Chifu akafungua karatasi akasoma kwa sauti: "'Becquerel ni mzee. Hana ndama, lakini hajawahi kukauka. Humkamui kwa mkondo. Anatoa tone moja moja, polepole, kama saa ya ukutani.' Mama Hamdia?"

Hamdia alikunja nguo yake, akasimama kwa mguu mmoja, akaweka sufuria juu ya goti la mguu wa pili jinsi wakamuaji wa ngamia wanavyofanya. Becquerel hakushtuka. Soko zima lilinyamaza hadi tukasikia: ti. Ti. Ti.

"Subiri!" Mwalimu Githae akatoa simu na kuweka saa ya kuhesabu. Vijana wakaanza kuhesabu matone pamoja naye, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kwa kelele. Dakika ilipoisha walikuwa wamefika hamsini na nane.

"Mawili hayajafika," Mbaabu akasema.

"Mzee, hata mnururisho wenyewe hauji kwa mpangilio!" mwalimu akapaza sauti. "Leo hamsini na nane, kesho sitini na tatu! Huyu ngamia ni sahihi kuliko kitabu!"

Kelele ikapanda. Mimi nilikuwa nimeng'ata ncha ya futi kamba.

"Bado watatu," chifu akasema, lakini macho yake yalikuwa yanawaka. "Gray na Sievert. Mwalimu?"

"Gray alikuwa Mwingereza, Sievert Mswidi, wote wa mambo ya mionzi na mwili wa binadamu. Vipimo vyao watu huvichanganya, hata wanafunzi wangu huvichanganya. Gray hupima ni nishati kiasi gani imeingia mwilini. Imeingia, basi. Sievert huuliza swali la pili: hiyo iliyoingia imeudhuru mwili kiasi gani? Maana mionzi iko ya aina nyingi. Inaweza kuingia sawa kwa sawa, lakini moja ikaumiza mara ishirini kuliko nyingine."

Chifu akasoma: "'Gray na Sievert ni mama na binti. Gray anakula chochote, na hakimfanyi kitu. Sievert akila kilekile alichokula mama yake, anaharisha. Ukitaka kujua kilichoingia, mtazame Gray. Ukitaka kujua kilichofanya, mtazame Sievert.'"

Kisha kijana mmoja wa Mbaabu, aliyekuwa ameshika koleo, akasema kabla hajajizuia: "Ni kweli! Huyu mdogo anaharisha tangu juzi. Mimi ndiye nazoa!"

"Nyamaza wewe," Mbaabu akasema.

"Lakini bosi, wote wamekula nyasi zilezile."

Hamdia alikuwa ameshaingia. Alipiga kinyesi cha Gray kwa ncha ya kiatu. Kilikuwa vidonge vikavu, vigumu kama kokwa za tende. Alipofika nyuma ya Sievert aliinua tu pindo la nguo akarudi hatua mbili. Watu walikuwa wamekaa chini kwa kucheka, na mama mwenye kiti alikuwa anapiga mapaja yake kwa viganja.

Mbaabu hakucheka. Aliwatazama ngamia kwa muda, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana wasiwasi. Lakini alikuwa mtu wa soko. "Chifu, kuharisha si alama. Ngamia gani haharishi akipelekwa mjini? Hata mimi nilipofika Isiolo mara ya kwanza niliharisha. Na mzee kutoa tone moja, ngamia wazee wote ni hivyo. Huyu wa nne ndiye mwenye bei. Aseme huyu wa nne."

Chifu akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ana haki. Mwalimu, Curie."

"Hawa ni mume na mke, Pierre na Marie," mwalimu akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Waligundua radiamu. Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi akafa. Baadaye wanasayansi wakataka kipimo kiitwe kwa jina hilo. Wengine husema ni kwa heshima ya mume, wengine husema ya wote wawili. Kwanza walitaka kiwe kiasi kidogo sana. Marie, yule mjane, inasemekana alikataa. Hakutaka jina lao lipewe kitu kidogo. Basi curie moja ikawa mvunjiko wa gramu nzima ya radiamu. Hiyo ni becquerel bilioni thelathini na saba."

"Bilioni?" chifu akauliza. "Kila sekunde?"

"Kila sekunde."

"Lakini kumbe hivi viwili vinapima kitu kimoja. Sasa huyu mmoja, na huyu bilioni?"

Sikuwa nimeruhusiwa kuongea, lakini nilivua futi kamba shingoni nikaigeuza mbele yake. "Chifu, kiuno ni kilekile. Upande huu ni inchi thelathini, upande huu ni sentimita sabini na sita. Kiuno hakijaongezeka. Inchi tu ni kubwa kuliko sentimita. Na curie inaizidi becquerel kuliko unavyoweza kufikiri."

"Sawasawa kabisa!" Mwalimu Githae akasema. "Nitaiba mfano huo."

Chifu akasoma mstari wangu wa mwisho: "'Curie ana maziwa kuliko wote. Mkondo wake haukatiki. Sufuria moja haimtoshi.'"

Hamdia akamwaga matone ya Becquerel, akaenda kwa Curie. Niliutazama mkono wake ukishika chuchu. Nilisubiri ule mlio ninaoujua, kama mvua juu ya bati.

Ti.

Akabadilisha chuchu. Ti. Akapapasa kiwele, akakisukuma kwa juu, akajaribu tena. Kikamtoka kitu kidogo, kisha hakuna.

"Huyu ni Becquerel mwingine," mtu akasema juu ya uzio.

"Curie wako ameishiwa nguvu, dada!" Mbaabu akasema, na safari hii alicheka kwa sauti. "Mwalimu, si mnasema hivi vitu hupungua?"

"Radiamu hupungua nusu kwa miaka elfu moja na mia sita," Mwalimu Githae akasema kwa unyonge. "Huyu ameibwa majuzi tu."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya asubuhi ile, na kilikuwa juu yangu. Dereva wa lori akawasha injini. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Hamdia hakucheka. "Kiwele kimejaa," alimwambia chifu. "Maziwa yako ndani. Anayashika. Ndama wake yuko wapi?"

"Yuko na Ebei," nikasema. "Yuko njiani."

"Basi ndiyo hivyo. Ngamia bila ndama wake hafungui. Mimi sitasema ana maziwa kama sijayaona, wala sitasema hana. Mimi nasema niliyoyaona."

"Ndama atafika saa ngapi?" chifu akauliza.

"Jioni."

Chifu akaangalia fomu. Nilijua hataweza kulishika lori hadi jioni kwa sababu ya neno langu. Nilitazama Curie. Alikuwa amegeuza shingo upande wa Sericho, pua juu, anamtafuta ndama wake hewani. Nikafikiri, baba alimkamua miaka mingi, na si miaka yote alikuwa na ndama. Kiangazi cha mwaka 2022 ndama wake alikufa, na bado baba alileta maziwa mjini. Alifanyaje? Nilikuwa pale. Nilikuwa nimekuja kwa hasira, nimekaa kwenye jiwe nikichezea simu isiyo na mtandao. Alifanyaje?

Aliimba.

Ulikuwa wimbo wa kukamulia wa bibi yangu, lakini baba aliyaondoa maneno ya bibi akaweka namba. Nilimwambia aache, ananiaibisha. Alisema ngamia huyu anataka kusikia ukubwa wake.

Nilikuwa sijaimba tangu mazishi. Hata kanisani nilikuwa nafungua mdomo tu bila sauti. Nikaingia zizini, nikamwomba Hamdia sufuria, nikainua mguu wa kushoto na kuiweka kwenye goti. Niliyumba. Mtu akapiga mluzi.

"Kwani sasa anataka kumchezea ngamia dansi?" Mbaabu akasema.

Nikaweka paji la uso kwenye ubavu wa Curie. Alinuka vumbi na safari. Nikaanza.

"Thelathini na saba, ee…"

Sauti ilitoka mbaya, kama mlango wenye kutu. Nikaanza upya.

"Thelathini na saba, ee, sifuri." Nikavuta. Ti.

"Sifuri, ee, sifuri." Nikavuta. Shingo ya Curie ikarudi kutoka Sericho. Nilihisi ngozi yake ikitetemeka chini ya paji langu.

"Sifuri, mama, sifuri." Miguu yake ya nyuma ikapanuka kidogo. Nilihisi kiwele kikilegea na kujaa kwa mara moja, joto likashuka kwenye vidole vyangu, na nilipovuta tena haikuwa ti. Ulikuwa mkondo. Ulipiga chini ya sufuria kwa mlio ambao hata watu wa nje ya uzio waliusikia.

"Sifuri!" mwalimu akapiga kelele. "Hiyo ni ya sita! Hesabuni! Lazima ziwe tisa!"

"Saba!" soko likajibu.

Mkono wangu haukuwa wangu tena. Povu lilipanda hadi ukingoni.

"Nane!"

"Leta chombo kingine!" Hamdia alikuwa anapiga makofi. "Wallahi, leta chombo kingine!"

"Tisa!"

Mtu alinirushia jerikeni iliyokatwa, Hamdia akabadilisha vyombo chini ya mikono yangu bila tone kuanguka, na Curie akaendelea kutoa. Nikaanza wimbo upya kutoka thelathini na saba. Watu walikuwa wanaimba sifuri pamoja nami, Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana wenzangu, wengi wao bila kujua wanaimba nini. Mwalimu Githae alikuwa amevua kofia ya usalama na kuipiga kama ngoma. Nilikuwa nalia na nacheka na sikutaka kuinua uso kutoka kwenye ubavu ule.

Nilipoinua, injini ya lori ilikuwa imezimwa. Sijui ni nani aliyeizima.

Mbaabu alikuwa ameingia zizini. Alisimama mbele ya sufuria na jerikeni zilizojaa maziwa, mikono kiunoni. Hamdia akamchotea kikombe bila kuulizwa. Alikunywa chote, akapangusa povu kwenye masharubu, akarudisha kikombe.

"Mimi nilinunua kwa haki," alisema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia Curie. "Nilikaa na huyu siku tatu. Kijana wangu alijaribu kumkamua, akapigwa teke hadi akaruka uzio. Leo amefunguka kwa hesabu." Akanigeukia. "Dada, baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwalimu Githae akajibu kwa niaba yangu: "Alikuwa mtu wa kuosha chupa za maabara akiwaeleza wanafunzi kila kitu ambacho mimi nilikuwa nimesahau kuwaeleza."

"Huyu aliyeniuzia," Mbaabu akasema, "simu yake imezimwa tangu jana. Nilijiambia ni mtandao." Akachukua barua ya mauzo, akampa chifu. "Wapelekee polisi. Nitaandika ninachokijua kumhusu."

Chifu Warigia aliweka fomu juu ya boneti ya gari lake. Alikata mistari ya juu kwa kalamu, akaandika upya. Niliona akiandika: ngamia wanne majike, wasio na alama. Kisha akaandika majina, akimwuliza mwalimu herufi moja moja. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akasimama.

"Mwenye mali?"

"Ewesit," nikasema.

Chifu hakuandika. Alisubiri, kalamu ikiwa hewani, na uso wake ulikuwa wa upole. "Akolong, fomu hii haiwezi kusainiwa na marehemu. Nauliza mwenye mali ni nani leo."

Tangu asubuhi nilikuwa nimesema ngamia wa baba. Kwa miezi miwili nilikuwa nimesema nyumba ya baba, jembe la baba, redio ya baba. Curie alikuwa ameshusha kichwa, ananusa mkono wangu uliokuwa bado na povu.

"Ni mimi," nikasema. "Ni wangu."

"Taja jina lote."

"Akolong Ewesit."

Akaandika. Akanipa kalamu. Nikasaini, na karatasi ikapata doa la maziwa pale kidole changu kilipopita. Hamdia alikuwa tayari anawagawia watu vikombe, akiwafokea wanaosukumana. Mbaabu akanisaidia kufungua kamba, na kijana mwenye koleo akafungua mlango wa zizi.

Becquerel alitoka kwanza, akifuata mwendo wake. Gray alitoka na kipande cha gunia mdomoni. Sievert akatoka nyuma ya mama yake, na umati ukampisha njia pana sana. Curie hakutoka. Alisimama mlangoni ananitazama, hadi nilipoelewa anasubiri nini, nikatangulia mimi, nikiimba.